Mapendekezo matatu, jiko moja: kisa cha shule ya bweni wilayani Uyui

Bodi ya shule moja ya sekondari ya binafsi wilayani Uyui, mkoani Tabora, iliniita kama mtu wa ujenzi niwasaidie kuchambua mapendekezo matatu yaliyokuwa mezani kwao. Walikuwa wamepata mfadhili wa kujenga madarasa manne mapya na bweni moja, na kukarabati jiko. Sharti lake lilikuwa kwamba majengo yasifuje nishati na yasile msitu. Kampuni zikasikia, zikaja. Shule siitaji, na kampuni sizitaji, maana kinachofaa kuonekana hapa ni namna bodi ilivyofikia uamuzi wake. Shule nyingi za Tabora na Kigoma zitawekewa mezani makaratasi ya aina hiyohiyo.

Hali ya shule ni ya kawaida kwa ukanda wetu. Wanafunzi ni zaidi ya 400, wote wa bweni. Umeme wa TANESCO upo, ila hukatika, na hukatika zaidi wakati wa prepo. Jikoni kuna mafiga, na kuni zinatoka kwenye misitu ya miombo, kila mwaka zikifuatwa mbali kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Madarasa ya zamani ni sita. Yameezekwa bati tupu bila dari, na yamejengwa yakiwa yametandazwa kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo madirisha yote yanatazama mashariki na magharibi.

Pendekezo la kwanza lilitoka kampuni ya Dar es Salaam. Walileta kitabu kizima chenye picha za rangi, wakaahidi kila kitu: kuta na paa za paneli zenye bati pande mbili na povu katikati, madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi, mtambo wa sola wa kilowati 30 na viyoyozi kwenye chumba cha kompyuta. La pili lilitoka kampuni ya Mwanza. Hao walikuwa na sola tu, lakini kwa mkataba wa miaka 10 bila malipo ya kuanzia, shule ikilipa kila mwezi. La tatu lilikuwa karatasi tatu kutoka kikundi cha vijana wa Tabora mjini wenye mashine za mkono za kufyatulia tofali za kufungamana, wakiwa pamoja na fundi mmoja wa majiko banifu, yaani yanayotumia kuni chache.

Mwenyekiti wa bodi, mzee aliyestaafu ualimu, alinieleza wazi msimamo wa wenzake. "Mhandisi, hawa wa kwanza wamemaliza kila kitu. Sisi tukabidhiwe funguo tu, turudi kufundisha." Nilimwelewa. Mkuu wa shule ana ada za kufuatilia, walimu wa kutafuta na wagonjwa wa kupeleka hospitali usiku, kwa hiyo mtu anayesema atabeba mzigo wote anapendeza. Lakini nilimwomba anipe wiki moja kabla ya kikao, nikae na mhasibu na mpishi mkuu.

Nishati ya shule ilipo

Nilisoma mapendekezo yote matatu kwa makini, na katika mawili ya kwanza hapakuwa na hata mstari mmoja uliouliza wanafunzi wanapikiwa kwa nishati gani. Kampuni ya Dar iliandika kurasa kadhaa kuhusu "kupunguza matumizi ya nishati", na kila mahali ilimaanisha umeme. Nikamwomba mhasibu atoe risiti za LUKU na risiti za kuni.

Hesabu yenyewe kila shule inaweza kuifanya kwa kalamu. Taa za shule nzima zilikuwa karibu 100, nyingi zikiwa tyubu za zamani za wati 36. Zikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku, zinakula uniti 14.4. Kwa bei ya kundi T1, la wateja wa matumizi ya kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo ilikuwa takribani Sh 356 kwa uniti, hiyo ni kama Sh 5,100 kwa usiku mmoja. Sasa njoo kwenye kuni. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina nishati inayozidi kidogo uniti 4 za umeme, kwa hiyo tani moja ina uniti zaidi ya 4,000. Kwa maneno mengine, tani moja ya kuni inayoshushwa pale nyuma ya jiko ina nishati ya kuwasha taa zote za shule kwa siku zipatazo 277. Na kenta inaposhusha, haishushi tani moja.

Hapo bodi ilinyamaza. Mhasibu, ambaye amekuwa akilipa vyote viwili kwa miaka, alisema hajawahi kuviweka kwenye mzani mmoja, kwa sababu umeme unalipwa kwa simu na kuni zinalipwa kwa dereva.

Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya nishati hiyo haifiki kwenye sufuria. Moto wa mafiga hupeleka chakulani kati ya asilimia 10 na 15 tu ya nishati ya kuni. Inayobaki inakwenda hewani, ukutani, na machoni na vifuani mwa wapishi.

Kwa nini kampuni zenye wataalamu hazikuliona hili? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ujuzi wanaouuza ulizaliwa mahali pengine, kwa shida nyingine. Uingereza ilianzisha mfumo wa BREEAM mwaka 1990 wa kupima ubora wa majengo kimazingira. Mwaka 1991 Wajerumani walimaliza nyumba zao za kwanza za Passivhaus kule Darmstadt: zimezibwa, zina kuta nene za kuzuia joto lisitoke, na hewa hubadilishwa kwa mashine. Kule shule hutumia nishati nyingi kupasha vyumba joto wakati wa baridi, kwa hiyo kuziba jengo ni akili. Jikoni kwao si tatizo la msitu. Ukichukua orodha yao ukaileta Uyui bila kuipindua, utaziba madirisha ya darasa ambalo shida yake ni joto, na utaliacha jiko kama lilivyo.

Kitabu cha kampuni ya Dar kilitaja pia EDGE, mfumo wa vyeti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia sekta binafsi, ulioundwa kwa ajili ya nchi kama zetu, unaotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya nishati au kaboni iliyotumika kutengeneza vifaa vyake. Ni kipimo kizuri. Nilipoomba hesabu zinazoonyesha jengo lao linafikaje hapo, hazikuwepo. Kutaja jina la cheti kwenye karatasi ya zabuni si sawa na kukipata, na bodi yoyote ina haki ya kuuliza: hesabu iko wapi, nani aliikagua?

Jikoni

Mpishi mkuu ni mama anayeheshimika pale kuliko walimu wengi. Nilipoingia jikoni asubuhi, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba, mwanangu, ingia ila usisimame upande huo wa moshi." Alikuwa anasonga ugali wa mchana. Nilikaa nikamtazama hadi mwisho, na naamini kila anayeuza jiko kwa shule alipaswa kufanya hivyo kabla ya kuandika bei.

Sufuria ni ya lita nyingi, na mwiko ni mrefu kuliko mtoto wa kidato cha kwanza. Ugali unapoanza kushika, mama na msaidizi wake wanasimama pande mbili, wanaegemeza uzito wa mwili mzima kwenye mwiko, wanavuta na kusukuma. Sufuria inataka kuzunguka. Mafiga makubwa ya mawe yanaishika isiteleze. Mama aliniambia miaka michache nyuma waliletewa jiko la gesi la chuma lenye miguu minne. Chai lilipika vizuri. Siku ya kwanza ya ugali lilitikisika, sufuria ikainama, uji wa moto ukamwagika sakafuni karibu na miguu yao. Tangu siku hiyo likawekwa stoo, na shule ikahesabiwa kuwa "imekataa teknolojia". Wapishi waliikataa ajali, wala hakuna aliyewauliza.

Suala la sheria nalo halikwepeki. Mwaka 2023 serikali ilitoa agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo majiko banifu ya kuni yaliyopendekezwa na kikundi cha Tabora, ambayo kweli hupunguza kuni kwa nusu au zaidi, yangeiacha shule hii nje ya agizo. Nasema hili kwa masikitiko kidogo, kwa sababu fundi wao ni mzuri sana na majiko yake ni ya bei ambayo shule inaimudu.

Tukaangalia gesi. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nishati ya uniti karibu 12.8, na jiko la gesi la kawaida hupeleka kama nusu yake kwenye sufuria. Ukilinganisha na mafiga, tani moja ya kuni inafanya kazi ya kilo 65 hadi 100 za gesi, tuseme mitungi miwili ya kilo 38 na ziada kidogo. Hesabu hii iliwashangaza wajumbe kuliko zote, maana walikuwa wameaminishwa kwamba gesi kwa shule ni anasa. Kama ni nafuu au ni ghali inategemea bei ya mtungi ukiufikisha Uyui na bei ya kuni siku hiyo, kwa hiyo nilimwachia mhasibu ajaze bei mwenyewe, za kiangazi na za masika. Kiangazi kuni zilionekana rahisi. Masika, zinapoloa na magari yanapokwama, tofauti iliyeyuka.

Suluhu ilitoka kwa mama mpishi na fundi wa majiko wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Fundi ajenge kibanda cha jiko kama anavyojenga siku zote, kwa tofali na udongo wa kuzuia joto, chenye pete nzito ya chuma juu inayoishika sufuria shingoni isizunguke. Ndani yake, badala ya chumba cha kuni, ikae bana ya gesi. Kuta zile zinashika sufuria, na zinazuia mwali usipotelee pembeni, hivyo gesi yenyewe inapungua. Mitungi ikae nje, kwenye kibanda chenye matundu ya hewa chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Mama akaongeza la kwake: maharage yalowekwe usiku kucha, na kila sufuria ipate mfuniko wake unaokaa sawasawa. Hayo mawili hayagharimu karibu chochote, na hakuna kampuni iliyoyaandika, maana hayauziki.

Paa, na mahali jua linapopita

Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, wakati joto letu ni kali kuliko miezi yote na mvua bado haijaanza, jua hupita utosini kabisa. Hapo ukuta haupigwi sana, paa ndilo linalopigwa. Darasa la mita 9 kwa 7, ukihesabu na bati lililozidi pembeni, lina paa la mita za mraba kama 80. Jua la mchana mweupe huangusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa moja linapokea joto la pasi 80 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja. Bati lililochakaa na kushika kutu humeza sehemu kubwa ya joto hilo na kulimwaga vichwani mwa wanafunzi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Tabora wanaliishi kila siku bila kulitaja. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 33. Jua letu linafika kileleni kama saa sita na nusu au zaidi, na linachelewa kuzama. Vipindi vya mchana vya shule vinaangukia wakati jua bado lina nguvu zote na limeanza kuinamia magharibi. Dirisha linalotazama magharibi haliokolewi na bati la kuning'inia, kwa sababu jua linaingia kwa chini.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza kwa madarasa mapya halikuwa na bei: yageuzwe. Upande mrefu ukae mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Mwezi Juni jua la mchana linainama kaskazini kwa nyuzi 28 hivi, na Desemba linainama kusini kwa nyuzi 18. Ukifanya hesabu, kwa kila mita moja ya urefu wa dirisha unahitaji bati lizidi ukuta kwa sentimita 54 upande wa kaskazini na 33 upande wa kusini, na jua likiwa kileleni halitaingia mwaka mzima. Kampuni ya Dar ilikuwa imechora majengo yakifuata barabara, kwa sababu yanapendeza ukiyatazama kutoka getini.

Madirisha yao ya kuslaidi niliyapinga kwa nguvu. Dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kilichofunika kioo. Unalipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na darasa lenye wanafunzi 45 linauhitaji wote. Madirisha ya kufungua nje yenye nondo, pande zote mbili za darasa, na matundu ya juu karibu na dari ili hewa ya moto itoke, yanafanya kazi kuliko kiyoyozi. Matundu yawekewe wavu, la sivyo popo watahamia darini kabla ya walimu kuhamia ofisini.

Hapa nilitaka wajumbe waone kwamba sisemi nadharia. Mwaka 2001, katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, mbunifu wa majengo Francis Kéré alijenga shule ya msingi kwa tofali za udongo zilizochanganywa na saruji, zikashindiliwa bila kuchomwa. Juu akaweka dari ya tofali zenye nafasi, na juu zaidi paa la bati lililoinuliwa kwa nondo, hewa ikipita katikati ya vyote viwili. Wanakijiji ndio waliojenga. Shule hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo duniani. Sisi wenyewe tulikuwa na tembe la Kinyamwezi, lenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo. Anayetaka kuliona aende Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, aingie ndani saa nane mchana.

Lakini paneli za kampuni ya Dar hazikuwa mbaya zote. Kwenye paa la darasa, paneli yenye kizuia joto katikati inatibu mambo mawili kwa mkupuo mmoja: joto la Oktoba na kelele za mvua. Kila aliyefundisha chini ya bati tupu anajua kwamba kuanzia Novemba, mvua ikishuka, mwalimu ananyamaza na darasa linasubiri. Nilichokataa ni povu la polistireni, hasa bwenini. Likishika moto linatoa moshi wenye sumu, na nchi hii imeshazika watoto wa kutosha kwa moto wa mabweni. Tukawaandikia: kama mna paneli zenye pamba ya madini isiyowaka, tupeni bei ya paa la madarasa peke yake. Wakajibu kwamba wanauza kifurushi kizima au hawauzi. Basi tukaenda kwenye bati jeupe na dari ya kawaida yenye nafasi ya hewa juu yake. Si bora kama paneli nzuri, lakini fundi yeyote wa Tabora anaweza kuikarabati. Paa moja la aina hiyo, kwa mvua yetu ya milimita 900 hivi kwa mwaka, linakusanya pia zaidi ya lita 55,000 za maji ukiweka mifereji na tangi.

Tofali

Ujenzi wa kawaida mkoani ni tofali za kuchoma, na kila tanuru lina magogo yake. Tofali za kufungamana hazichomwi: udongo, saruji kidogo ya asilimia 5 hadi 10, mashine ya kushindilia, kivuli na maji ya kumwagilia. NHBRA, wakala wa utafiti wa nyumba bora, imezitangaza kwa miaka mingi.

Vijana walileta sampuli. Tuliloweka tatu kwenye ndoo, na kesho yake moja ilikuwa imemomonyoka kona. Wakasononeka. Tukaenda wote saiti kuona udongo, tukakuta wamechimba kichuguu. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi, ni mzuri kwa tofali za kuchoma, ila kwa hizi unanywea na kupasuka. Tuliujaza nusu ya chupa ya maji yenye mdomo mpana, tukaongeza maji, tukatikisa, tukaiacha itulie: mchanga chini, juu yake tope, na mfinyanzi ukabaki umeelea, maji yakiwa mekundu hadi kesho yake. Tabaka la mchanga lilikuwa jembamba mno. Waliongeza mchanga wa korongoni, wakapunguza udongo wa kichuguu, wakaziweka kivulini na kuzimwagilia siku zote za mwanzo badala ya kuzianika juani. Sampuli ya pili ilitoka kwenye ndoo na kona zake zote.

Penye miti hapana wajenzi, ndivyo ilivyokuwa karibu itokee: vijana wenye ufundi wapo mjini, shule iwapite iende Dar, kwa sababu tu hawakuwa na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi wala kitabu cha picha. Tuliwaweka chini ya mkandarasi aliyesajiliwa wa hapahapa, wao wakifyatua na kujenga kuta, yeye akibeba dhamana. Kwenye mkataba, sehemu ya fedha inabaki mikononi mwa shule hadi kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro baada ya ujenzi, kiishe, na kipindi hicho lazima kipitie masika nzima.

Sola

Tulianza kwa kubadilisha tyubu za wati 36 kuwa LED za wati 18. Uniti 14.4 zikawa 7.2. Ukiongeza kompyuta za chumba kimoja, mahitaji ya kweli ya sola yalikuwa kama uniti 11 kwa siku, ambayo kwa jua la Tabora mtambo wa kilowati 3 unatosha. Kilowati 30 za kampuni ya Dar zingezalisha umeme ambao shule haina pa kuupeleka, na zaidi wakati wa likizo.

Mkataba wa Mwanza ulikuwa na ukubwa unaoeleweka, tatizo lilikuwa kwenye vifungu. Malipo ya mwezi yalitajwa kwa dola, wakati tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Hilo walilirekebisha siku hiyohiyo. Kubwa zaidi lilikuwa betri. Walileta betri za risasi zenye dhamana ya miaka 2 ndani ya mkataba wa miaka 10. Betri za aina hiyo hudumu miaka 3 hadi 5 zikitunzwa, na kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kama nusu. Walikuwa wamepanga kuziweka stoo, chini ya bati tupu. Nani angenunua seti ya pili, na ya tatu? Kifungu kilisema "mteja". Kwa hiyo kile kilichoitwa bure mwanzoni kilikuwa na bili mbili kubwa zilizofichwa katikati.

Nilipowauliza, meneja wao hakubisha. Alisema shule nyingi hazisomi kifungu hicho, na wateja wakiuliza yuko tayari kukibadilisha. Wakakubali betri za lithiamu zenye dhamana ya miaka 10, chumba cha betri chenye dari na hewa upande wa kusini wa jengo, malipo yasimame miezi ya likizo ndefu, na betri zilizokufa wazichukue wao, zisitupwe nyuma ya choo. Malipo ya mwezi yalipanda kidogo. Bodi ililipitisha bila ubishi, kwa sababu sasa kila shilingi ilionekana inakwenda wapi.

Kilichobaki mezani

Jiko limeanza kwanza, kwa uamuzi wa bodi nzima, na mama mpishi ameingizwa kwenye kamati ya ujenzi. Msingi wa madarasa mapya umepimwa upya kufuata jua. Ambalo halijaamuliwa ni madarasa sita ya zamani, yale yanayotazama magharibi. Mfadhili alitoa fedha za majengo mapya na jiko, na kwenye barua yake hakuna neno ukarabati wa madarasa. Lakini wanafunzi wengi watabaki humo kwa miaka mingi ijayo. Wiki iliyopita bodi imemwandikia ikiomba yajengwe madarasa matatu mapya badala ya manne, na fedha za la nne ziweke dari na bati jeupe kwenye yale sita, pamoja na varanda upande wote wa magharibi. Michoro ya varanda nimeiambatanisha, pamoja na hesabu za kivuli cha saa nane mchana kwa mwezi Oktoba.